Bunduki ya Gottlieb Mabaki

Kwa majira mawili ya baridi, Rosmarie Gfeller alikuwa akiwapigia simu wauzaji wa bunduki kuukuu za jeshi, mmoja baada ya mwingine, na kuwasomea namba ileile. Elfu mia nane tisini na nne, mia nne kumi na saba. Wengi walimjibu kwa ile adabu ya kumfukuza mtu. Mmoja alimuuliza kama anatafuta bunduki au anatafuta mume.

"Mume nilishamzika," alimjibu, "na hakuwa na namba." Akakata simu.

Ilipopatikana, ilipatikana karibu kiasi cha kutia hasira. Ilikuwa katika duka moja la Thun, mji uleule ambao kwa miaka thelathini alikuwa akiushukia kila siku kutoka milimani, akiendesha basi lake la manjano la posta. Huenda alishapita mbele ya duka lile mara elfu kumi.

Aliingia humo asubuhi moja ya Septemba, kibali cha polisi kimekunjwa ndani ya mkoba. Ukuta mzima ulikuwa bunduki, arobaini hivi, zote za muundo mmoja. Dukani kulinuka grisi na mbao za zamani, na mwanga wa dirishani ulikuwa hafifu, wa rangi ya chai ya maziwa. Rosmarie alisimama tu. Ilimjia kwamba kila moja ya hizi ilikuwa na mtu wake, kwamba ililala miaka ishirini nyuma ya nguo za Jumapili kabatini, na kwamba wenyewe sasa wako makaburini au kwenye nyumba za wazee, wakilishwa uji. Kwa kitambo kidogo alisikia, au alidhani anasikia, wanaume arobaini wakipumua taratibu. Halafu muuzaji akakohoa, nao wakanyamaza.

"Chukua hii, mama," alisema muuzaji, kijana mwenye aproni. "Mti wa kitako chake haujaguswa. Kama mpya."

"Nataka ile niliyokutajia kwenye simu."

"Ile?" Aliishusha kutoka pembeni kabisa. Kitako chake kilikuwa kimechubuka vibaya na kuingia weusi wa unyevu. "Sijui bwana wake alikuwa akipondea viazi au vipi."

"Alikuwa baba yangu."

Kijana akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliifuta bunduki mara mbili, akapunguza bei bila kuombwa, na Rosmarie akalipa bei ya kwanza kwa ukaidi tu.

Tatizo lilikuwa kitabu. Chama cha shabaha cha kijiji chao, Hinterschwendi, kilikuwa kinatimiza miaka mia moja na hamsini, na mwenyekiti wake, Beat Aellig, mtengeneza jibini, alikuwa anakichapishia kitabu cha ukumbusho. Ndani yake kulikuwa na ukurasa wa vichekesho, na kichekesho kikubwa kuliko vyote kilikuwa Gottlieb Gfeller.

Katika nchi yao kila askari hurudi nyumbani na bunduki yake, na kila mwaka lazima aende uwanja wa kijiji apige shabaha mbele ya macho ya majirani. Asiyefikisha alama anaitwa aliyebaki, na Novemba huitwa kwa barua ya jeshi aende mjini, siku nzima, akafundishwe upya pamoja na wenzake waliobaki. Kubaki mara moja si neno. Ukibaki mara mbili, watu wanacheka. Gottlieb Gfeller alibaki miaka kumi na mmoja mfululizo. Wakampa jina la Mabaki, na jina likamganda mpaka jeneza lake likashushwa. Shuleni, mtoto akirusha mpira ukaenda kombo, darasa zima lilipiga kelele, "Gfeller!" Rosmarie alikuwa anakaa dawati la mbele. Hadi leo, akiwa na miaka sitini na mitatu na nywele nyeupe, mpira ukipita kombo popote duniani hukaza shingo.

Alikwenda kwa Beat, akamwomba autoe ukurasa ule. Beat si mtu mbaya. Ni mtu anayependa kila kitu kiwe kwenye faili lake.

"Hii ni historia, Rosmarie."

"Hii ni kejeli yenye picha."

Picha ilikuwa ya baba yake kwenye jukwaa la stesheni, anarudi kutoka mjini, kofia upande, bunduki begani, ametabasamu mpaka meno ya nyuma. Ukingo wa picha ulikuwa umemkata mkono wa kushoto. Chini yake waliandika: *Hata kubaki kulimfurahisha.* Tabasamu lile ndilo lililomuuma zaidi. Mtu anadhihakiwa na kijiji kizima, naye anacheka kama zuzu!

"Labda bunduki ilikuwa mbovu," alisema. "Umewahi kufikiria hilo? Labda ilikuwa imepinda, na yeye hakuwa mtu wa kulalamika."

Beat akavua miwani. "Niletee hiyo bunduki. Ikiwa imepinda nitaandika hivyo kwa herufi kubwa, na kuomba radhi nitaomba. Lakini kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Oktoba ya mwakani." Alidhani amemaliza mazungumzo. Hakumjua vizuri: namba ya bunduki ilikuwa bado imeandikwa kwenye kijitabu cha jeshi cha baba yake.

Na sasa ilikuwa Oktoba yenyewe, Jumamosi, na Jumatatu kitabu kinaondoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka tangu alfajiri. Uwanja wa shabaha wa Hinterschwendi ni kibanda cha mbao kwenye ukingo wa bonde. Unalala kifudifudi ndani yake, mbele yako kuna malisho, na ng'ambo ya pili, mita mia tatu, kuna shabaha. Leo hapakuwa na ng'ambo. Hapakuwa na malisho. Kulikuwa na weupe mtupu, na ndani ya weupe kengele za ng'ombe, moja huku, moja kule, kana kwamba ng'ombe wenyewe walishaondoka wakaziacha kengele zikitembea peke yake. Beat alikuwa amekuja na faili lake la kitabu kwapani. Kwenye benchi la nyuma, mdomo kwenye kikombe cha kahawa, alikaa Mzee Werner Tschanz.

Mzee Tschanz hakuitwa na mtu. Huja kila Jumamosi. Kwa miaka arobaini alikuwa mwonyeshaji, yule anayekaa handakini chini ya shabaha na kuinua kibao chekundu kwenye mti mrefu, kumwonyesha mpigaji risasi imeingia wapi. Siku hizi kuna vioo vya umeme kando ya kila mpigaji. Risasi ikitua, namba inawaka. Mzee Tschanz huviita televisheni, na huvipa mgongo.

"Tunangoja nini?" aliuliza.

"Ukungu, Mzee," alisema Beat kwa sauti kubwa, maana masikio ya mzee yalibaki handakini.

"Basi tutangoja mpaka Krismasi."

Wakati wa kungoja, Beat aliichunguza bunduki kwa kioo cha kukuzia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya kulengea, kile kijino kilichosimama mwishoni mwa mtutu. Kikisogezwa upande unywele mmoja tu, risasi kule mbali inahama kwa upana wa kiganja. Ndiyo maana askari haruhusiwi kukigusa. Ni kazi ya fundi silaha peke yake, naye akimaliza hupiga alama mbili ndogo za patasi, moja kwenye kijino, moja chini yake, zikitazamana.

"Zinatazamana," alisema Beat. "Hakuna aliyekisogeza tangu alipopewa. Baba yako aliiona dunia kupitia hapahapa."

Rosmarie akainama, akaweka jicho. Aliona weupe. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, shavu kwenye mti uliochubuka, na akanusa kitu kilichomrudisha kwenye kabati la chumba cha baba yake: grisi, sufu, na sabuni ya kunyolea. Akatamani ukungu usifunguke. Akiwa humu ndani ya weupe, jambo lilikuwa bado halijaamuliwa, na baba yake angeweza kuwa mtu yeyote.

Karibu saa tano ukungu ukachanika. Haukuondoka, ulifunguka tu katikati, tundu refu kama pango, na mwishoni mwa tundu ikaonekana shabaha, karatasi nyeupe yenye duara jeusi, ikielea hewani bila miguu.

"Haraka," alisema Beat, na kulala. Yeye ndiye mpigaji bora kijijini. Kifua chake siku ya sherehe hulia kwa nishani. Aliegemeza mtutu kwenye mfuko wa mchanga, akakoki. Rosmarie alishika ukingo wa dirisha. Kimoyomoyo alikuwa akiiomba bunduki, aibu gani hii, aliiomba kabisa: pinda. Tafadhali pinda.

Mlio ulipasua bonde ukarudi mara tatu. Kioo kikawaka: kumi. Katikati kabisa.

"Bahati," alisema Rosmarie.

Kumi. Tisa. Kumi. Kumi. Ukungu ukajifunga, wakangoja, ukafunguka, na Beat akapiga tano nyingine. Zote zilikaa ndani ya duara jeusi, zimebanana. Akainuka taratibu, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

"Pole," alisema, na alimaanisha. "Bunduki haina kosa, Rosmarie. Ningekuwa nayo mimi, nisingeiuza."

Rosmarie akalala yeye mwenyewe, maana hakuamini. Hakuwa mpigaji wa kutajika. Alikuwa mwanachama kwa sababu ya chakula cha mchana. Hata hivyo risasi zake nazo zikaingia kwenye weusi, nne kati ya tano, bunduki ikimpeleka kwa upole kama farasi mzee anayeijua njia. Ya tano ilikuwa kosa lake na aliijua kabla haijafika. Akabaki amelala. Basi ndivyo. Miaka kumi na mmoja baba yake alipewa bunduki nzuri kuliko zote kijijini, na hakuweza. Wale watoto walikuwa wanasema kweli. Aliona haya, halafu akaona haya kwa kuona haya, na machozi yakamdondokea kwenye mti wa bunduki.

"Ya nani hiyo?" aliuliza Mzee Tschanz kutoka kwenye benchi.

"Ya Gottlieb Gfeller!" Beat alipaza sauti. "Gottlieb Mabaki!"

"Ahaa." Mzee akanywa kahawa. "Kona ya chini kushoto."

Wote wawili wakageuka.

"Nini, Mzee?"

"Risasi zake. Kona ya chini kushoto ya karatasi, pale penye namba. Zote. Ungeweza kuzifunika kwa kofia yako, zikaisha." Aliinua mkono wake wa mishipa, akaonyesha hewani kama aliyeshika bado ule mti mrefu. "Mwaka mwingine kona ya juu kulia. Alikuwa akibadilisha. Mwaka mmoja alizigawa, mbili mbili kila kona, nikacheka handakini mpaka mwenzangu akadhani nimepigwa."

Kengele moja ilipita karibu, ikaenda zake.

"Mzee Tschanz," alisema Beat, kila neno peke yake, "mtu asiyejua kupiga—"

"Hutawanya. Anatawanya kama anayelisha kuku. Kijana, mimi nimeona risasi za watu wangapi? Gottlieb alikuwa fundi kukuzidi wewe. Wewe hukuwahi kupiga kona nne kwa zamu."

"Na hukusema? Kijiji kizima kinamcheka, na wewe hukusema?"

Mzee akashangaa kweli. "Mwonyeshaji anaonyesha. Hasemi. Nilinyanyua kibao kila mara, pale pale zilipoingia. Kila mtu aliona. Kama hamkutazama vizuri, lawama ni zenu."

Beat akakaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuta jibini limegeuka sabuni. "Lakini kwa nini? Mtu anajiaibisha mwenyewe, tena kwa makusudi, ili apate nini? Ili apelekwe Thun siku nzima ya Novemba kupigiwa kelele na sajini?"

Rosmarie alikuwa bado amelala kifudifudi. Alisikia neno Thun, na ukungu mbele yake ukafunguka tena, lakini hakuiona shabaha.

Aliona kibanda cha kakao nje ya uwanja wa jeshi, na yeye ana miaka saba, miguu haifiki chini. Baba anamwambia, usiondoke hapa, naingia natoka. Wanaume wengi wanaingia na bunduki, nyuso zimekunjwa. Na baba anatoka wa kwanza. Kila mwaka alitoka wa kwanza, kakao haijapoa. Alikuwa akidhani, miaka yote hii alidhani, kwamba wamemfukuza, kwamba hata miongoni mwa waliobaki yeye alikuwa wa kubaki. Kumbe alikuwa amepiga zote katikati, wakamwambia, wewe umemaliza, nenda. Saa tatu ya asubuhi, na siku nzima ni yake.

Siku gani nyingine ilikuwa yake? Babu ndiye aliyekuwa na shamba, na babu hakuwahi kumpa mtu siku moja, si harusi, si homa, si siku aliyozikwa mama yake Rosmarie, ambapo ng'ombe walikamuliwa kwa saa ileile. Hakuna mtu aliyemshinda babu kwa neno. Lakini barua ya jeshi hata babu aliishika kwa mikono miwili.

Na yeye, mtoto? Yeye alikuwa anapelekwa kwa daktari wa meno. Hivyo ndivyo baba alivyomwambia babu mlangoni kila Novemba, bila kupepesa: nikienda huko nitampitisha mtoto, ana meno mabovu. Rosmarie akapitisha ulimi juu ya meno yake, yote yakiwa yake, akiwa na miaka sitini na mitatu. Hakukumbuka daktari yeyote. Alikumbuka chestnati, zile njugu nene za kuchomwa, ndani ya karatasi, moto wake mfukoni. Alikumbuka ziwa, na maji ambayo hayakuwa na mwisho kwa sababu ya ukungu, na bata maji wakitoka ndani yake mmoja mmoja. Alikumbuka baba yake, ambaye nyumbani alisema maneno kumi kwa siku na manane kati yake kwa ng'ombe, akiongea. Aliongea mchana kutwa. Alimweleza jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akicheka. Alimwimbia. Waliketi kwenye ngazi za mawe mpaka makalio yakafa ganzi, halafu wakapanda treni kurudi, na kijiji kilikuwa kikiwangoja stesheni na vicheko vyake.

Aliinunua siku ile kwa jina lake. Akainunua kila mwaka, mara kumi na moja, na alipomaliza aliirudisha bunduki kwenye ghala la jeshi na hakuitaja tena.

"Rosmarie?" Beat alikuwa amepiga goti kando yake. "Umeumia?"

"Nilikuwa na meno mabovu," alisema.

"Nini?"

Akaketi sakafuni, bunduki mapajani, akawasimulia. Alisimulia vibaya, kwa kurudi nyuma na kupenga kamasi, na alilazimika kupaza sauti kwa ajili ya Mzee Tschanz, hivi kwamba siri ya Gottlieb Gfeller ilisikika pengine hadi ng'ambo, na ng'ombe wakaisikia. Alipomaliza, Beat alilifungua faili lake, akatoa kalamu.

"Nautoa ukurasa," alisema. "Au naandika upya wote. Niambie niandike nini. Kwamba alikuwa bora kuliko sisi sote?"

"Na jeshi limsome? Na babu afufuke?" Rosmarie alifuta uso kwa kitambaa cha kufutia mtutu, akajipaka grisi. "Acha kama ulivyo. Mabaki, kofia upande, vyote. Alikubali kuchekwa, nani kaniambia nimkatalie? Lakini ile picha umeikata."

"Ilikuwa haina nafasi. Pembeni kulikuwa na…" Akapekua faili, bahasha hii, bahasha ile, mpaka akaitoa picha yenyewe, nzima, ya zamani, kingo zake zimemeguka.

Mkono wa kushoto wa Gottlieb haukuishia kwenye ukingo. Ulishuka mpaka kwenye mkono mwingine mdogo wenye glavu, na mwenye mkono huo alikuwa mtoto wa kike wa kofia ya sufu, anamtazama baba yake, mashavu yamefura kwa chestnati. Gottlieb hakuwa akikitabasamia kijiji. Ukiiona picha nzima, unaona anamtazama nani.

"Ichape hii," alisema Rosmarie. "Usipunguze hata kidole."

Mzee Tschanz aliinuka kwenye benchi kwa shida, akaja, akaivuta picha karibu na pua. Aliitazama kwa muda, huku nje ukungu ukijifunga na kujifungua juu ya malisho.

"Na huyu ndiye mwenye meno mabovu?" aliuliza.

"Ndiye, Mzee."

"Mbona anatafuna vizuri."